Karibuni na Kwetu

Siku ya pili tangu warudi kutoka Italia, Sikujua alitoka jikoni na kitambaa cha vumbi mkononi, akakuta viti vyote vinane vya meza ya kulia vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, kama mkahawa unavyofungwa. Hakuvigusa yeye. Sir Aidarus hajawahi kunyanyua hata sahani yake mwenyewe tangu aoe, na Madam ndiye kabisa, kwa kucha zile hata kopo la soda alifunguliwa. Ilikuwa saa kumi alasiri. Jua limejaa dirishani, maji ya Jumeirah Lake Towers yanametameta huko chini kabisa, na chumba kinanuka mwani uliooza.

Sikujua akavishusha viti kimoja kimoja, akapiga deki, akanyamaza. Katika nyumba ile mtumishi aliyesema kitu alikuwa anajitafutia maneno.

Mwenye nyumba aliitwa Mwanamkasi. Jina zuri, la bibi yake, lakini alilitupa siku aliyoshuka uwanja wa ndege wa Dubai, akawa Mona. Mona wa ghorofa ya ishirini na saba. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akala muhogo na papa kama watu wote wa mtaa wake, ila ukimsikiliza mbele ya mashoga zake ungedhani alilelewa kwa kahawa ya Kiitaliano. Kiswahili alikitoa akikasirika, au akitaka kuwachekesha wafuasi wake mtandaoni. Dada yake wa tumbo moja alifanya kazi Silicon Oasis, Dubai hiyohiyo, miezi minne mizima, mwendo wa teksi tu, na hakuambiwa karibu hata siku moja. Kwa neno lile Mwanamkasi alikuwa bahili kuliko kwa kitu chochote.

Mumewe, Aidarus, alikuwa mtu wa kuitikia. Mona akisema jua ni baridi, Aidarus huagiza sweta. Na Sikujua, mjane wa Tanga wa miaka arobaini na miwili, ndiye aliyefanya kila kilichofanywa mle ndani. Mkataba wake ulikwisha tangu Juni. Pasipoti yake ilikuwa kwenye mtoto wa kabati la Madam, pamoja na dhahabu, na kila akiiomba aliambiwa subiri. Mwanawe wa pekee, Jalia, alikuwa anaolewa Ijumaa ya pili ya Novemba. "Twende Italia kwanza," Madam alimwambia, "tukirudi tu, unakwenda kwenu." Sikujua akaamini, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuamini.

Sasa hiyo Italia ilikuwa hivi. Mwanamkasi alikichagua kijiji kwa picha. Kwenye picha palikuwa na nyumba za rangi ya embe zilizopanda mlima, bahari ya buluu, na miavuli iliyopangwa ufukweni kama askari. Picha zilipigwa Julai. Yeye alikwenda mwisho wa Oktoba, majani yanaanguka, na mashoga zake walipomuuliza kwa nini wakati huo, alijibu kwamba kiangazi ni cha watu wa hovyo, wanaojua mambo huenda kukiwa kimya. Kimya alikipata.

Jina la kijiji alilitamka kila siku namna nyingine, kwa hiyo sina sababu ya kulitaja. Maduka yote yalishushwa mageti ya chuma, na kwenye kila geti pamebandikwa karatasi ambayo dereva wa teksi aliwaambia inasema tutaonana Pasaka. Miavuli haikuwapo, yalibaki matofali yake ya saruji tu mchangani, na mwani mweusi umerundikana ufukweni mpaka magotini. Viti vya mikahawa vilipinduliwa juu ya meza na kufungwa minyororo. Palikuwa na baa moja iliyofunguliwa, ndani yake wazee watatu wanacheza karata bila kusemezana, na mwokaji mmoja aliyeuza mkate mpaka saa nne asubuhi kisha naye akafunga. Mvua ilinyesha nyembamba, ya kuudhi, isiyo na mwisho. Mwanamkasi alikuwa amebeba kofia nne za jua.

Nyumba waliyoikodi haikuwa na mwenyeji. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku kando ya mlango, unabonyeza namba, kinafunguka, unaingia kwa mtu usiyemjua bila hata kusema hodi. Ndani kuta zilikuwa nene na zimelowa, na samani zote zimefunikwa mashuka meupe. Sikujua aliyavua, akayakunja, akayaweka kabatini. Alasiri ya kesho yake walikwenda ufukweni kumpiga picha Madam, na waliporudi wakakuta makochi yamefunikwa tena, mashuka yamechomekewa pembeni vizuri, kwa mkono wa mtu mwenye subira.

"Hii ndiyo kazi gani, Sikujua? Nimekwambia funika?"

"Hapana, Madam."

"Basi funua!"

Sikujua alikuwa amemshikia mwavuli mchana kutwa, mkono umekufa ganzi. Alifunua. Alasiri iliyofuata, yakafunikwa tena, na viti vya jikoni navyo vikawa miguu juu.

Siku ya nne alipotoka kutupa taka alimkuta jirani, ajuza aliyevaa nyeusi, anafagia majani mlangoni kwake. Yule bibi alimtazama Sikujua kwa muda, kisha akaegemeza fagio lake ukutani. Akaonyesha mlango wa nyumba yao. Akaweka kidole mdomoni. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja kizima, akatembea hatua tano kama mtu anayeondoka, bila kugeuka nyuma. Akarudi, akafanya vilevile mara ya pili, ili mgeni asije akasema hakuonyeshwa.

Sikujua hakujua neno la Kitaliano, lakini yale alikuwa ameonyeshwa kwao Tanga utotoni. Akaenda kusema.

"Madam, yule bibi anasema siku tukitoka tusiage. Tufumbe mdomo, tuondoke tu."

"Anasema?" Mwanamkasi alicheka mpaka akaweka simu chini. "Kitaliano umejua lini weye? Nyinyi watu wa Tanga, mlango ukilia kwa kukosa mafuta, kwenu ni jini."

"Sawa Mona," alisema Aidarus, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

Alhamisi wakaondoka. Mizigo ilikuwa imeshaingia kwenye teksi, Aidarus ameshafunga mlango na kuurudisha ufunguo kisandukuni, ndipo Mwanamkasi alipokumbuka kwamba katika wiki nzima alikuwa na picha tatu tu za kuonyesha watu. Akampa Sikujua simu, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akatengeneza mtandio, akatoa ile sauti yake ya Kiswahili cha maonyesho.

"Haya jamani, ndiyo tunaaga! Asanteni sana wenyeji wetu, mmetukirimu, mmetupumzisha. Na nyinyi sasa karibuni na kwetu, Dubai, ghorofa ya ishirini na saba. Msiache, tutawangoja!"

Neno lile pwani nzima hutolewa, ni adabu ya kuagana. Lakini hutolewa kwa mtu aliye mbele yako, mwenye uso. Nyumba tupu haikaribishwi, tena alasiri inayoelekea magharibi, tena na mtu anayetaja mpaka namba ya ghorofa. Sikujua alirudi nyuma hatua mbili, simu bado mkononi. Ndiyo maana mwisho wa video ile picha inayumba. Na katika kuyumba huko, dirisha la juu ambalo alilikaza kitasa kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ile lilifunguka upana wa kiganja, likatulia kidogo, kisha likajifunga polepole, kama mtu aliyesikia na kukubali.

Video ilipendwa na watu elfu kumi na moja.

Hayo ndiyo yaliyotangulia vile viti vya Jumeirah Lake Towers. Siku ya tatu yakafuata mashuka. Sikujua alikuwa anapiga pasi chumba cha nyuma, akasikia kitambaa kinakung'utwa sebuleni, pwaa, kama mwanamke anayeanika, akatoka akakuta makochi yamefunikwa kwa mashuka ya Madam yaliyotoka kabatini, kiyoyozi kimezimwa, mapazia yameteremshwa, na sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye meza, kuna mchanga uliolowa. Mchanga mweusi. Dubai ina mchanga wa kila namna, lakini mweusi ule alikuwa ameukanyaga sehemu moja tu.

Jioni aliposhuka na taka, mlinzi wa mapokezi alimwita. Alikuwa Mganda, Yowasi, kijana mtaratibu aliyependa daftari lake la wageni kuliko mshahara.

"Dada Sikujua, samahani. Yule mzee wa koti, anakaa kwenu?"

"Mzee gani?"

"Mlikuja naye siku ile mnatoka airport. Aliingia lifti na nyinyi, nyuma ya Madam. Koti kubwa, linatiririka maji." Yowasi aliteremsha sauti. "Sikumwandika. Nikasema ni baba ya Sir. Lakini supavaiza akiniuliza, nitamwambia nini? Huyo mtu kila saa kumi namwona kwenye kamera amesimama korido yenu. Hasogei. Anangojea nini?"

Sikujua alimwangalia, akaangalia lifti, akasahau taka mkononi. "Yowasi," akasema kwa kunong'ona, "wakati tunaingia, tulikuwa wangapi?"

"Wanne, dada. Nilihesabu."

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Aidarus. Alijilaza baada ya chakula, kama kawaida yake, na Sikujua alipopeleka chai akamkuta kitandani amefunikwa shuka jeupe toka unyayo mpaka utosi, pembe zote zimechomekewa chini yake kama zile za makochi. Akamfunua. Macho ya yule bwana yalikuwa wazi, yametulia, hayana mtu ndani. Ilichukua saa nzima ya kumpiga mashavu na kumsomea mpaka akarudi, na alichosema aliporudi, kwa sauti ndogo ya mtoto, ni kwamba alikuwa hasikii vibaya, alikuwa amefungwa tu mpaka msimu.

Halafu, kwa kuwa alikuwa mume wa namna yake, akakumbuka ana kikao cha haraka Abu Dhabi. Alifungasha begi lake mwenyewe, mara ya kwanza katika maisha yake, na alilifungasha upesi ajabu.

Hapo Mona akafa, Mwanamkasi akafufuka. Alimfuata Sikujua jikoni, kope za bandia zimeachia upande mmoja.

"Sikujua, mwana wee, nnaogopa miye. Nnahisi mtu anapumua nyuma yangu. Kwenu hamna watu wanaojua mambo haya?"

"Wapo, Madam. Hata kwenu wapo."

Walikwenda Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa, ngazi ya tatu juu, kwa fundi cherehani mmoja wa Pemba aliyeitwa Ahmadi. Alishona kanzu kwa dhahiri, na mengine aliyafanya kwa siri sana, maana sheria ya nchi ile haina mchezo na waganga. Sikujua alimpa shikamoo. Mwanamkasi hakumpa, alishasahau inavyotolewa. Alikaa ukingoni mwa kiti akajipepea, akaeleza, na fundi akaendelea kushona mkunjo mpaka mwisho ndipo akainua uso.

"Nani alimkaribisha?"

"Hapana aliyemkaribisha, fundi. Kaja tu."

"Hawaji tu."

Sikujua akatazama vidole vyake. Mwishowe alisema polepole, "Ipo video, fundi."

Ahmadi aliitazama mara moja. Alipofika penye dirisha akairudisha nyuma, akaitazama tena, kisha akampa Mwanamkasi simu yake kwa ncha za vidole, kama kitu kilichonajisika.

"Bibie, wewe ni mtoto wa Unguja, umesahau mpaka haya? Huyu sitamfukuza kwa ubani wala kwa kisomo. Hakuingia kwa wizi. Ameingia kwa mlango, ameitwa, ana haki ya mgeni. Yule kazi yake ni kufunga nyumba zilizoachwa, amekuja kwako anafanya anachokijua, na akishamaliza viti na makochi atawafunga nyinyi. Mgeni wa kualikwa huagwa. Utampikia kwa mkono wako. Utamwandalia. Kisha kesho alasiri utamsindikiza mpaka mlango wa chini, wewe, si mwengine."

"Kisha?"

"Kisha atakukaribisha kwake. Na yeye ana adabu zake. Usiitikie. Anayeitikia ameahidi, na wale mtu akiwaahidi hawamsahau."

Kwenye teksi Mwanamkasi alijipaka rangi ya mdomo. Walipofika darajani alikuwa ameshakuwa Mona tena.

"Utakwenda wewe."

"Madam, fundi amesema—"

"Fundi hajui mambo ya nyumba yangu. Kwani miye nimewahi kupika? Nimewahi kumpeleka mgeni mlangoni? Kazi hiyo si yako? Utavaa abaya yangu, utajipaka mafuta yangu, atajuaje? Akikuuliza jina sema Mwanamkasi."

Mnaweza kudhani ni hofu iliyosema vile. Haikuwa hofu. Ilikuwa mazoea. Kwa miaka kumi yule mwanamke alikuwa hajafanya jambo lolote kwa mkono wake: kilio chake walilia wengine, watoto wa shoga zake walipelekewa zawadi na Sikujua, hata futari za mgonjwa wa ghorofa ya chini alizipeleka Sikujua na salamu za Mona juu yake. Ilikuwaje leo aanze kufanya kazi, kwa sababu ya jini?

"Jina la mtu silichukui," Sikujua alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukataa kitu. "Nitakwenda. Lakini pasipoti naitaka kabla sijaingia kwenye lifti."

"Unanitisha?"

"Naolesha Ijumaa, Madam."

Kesho yake alipika yeye wali wa nazi na samaki, akaandaa meza, akavuta kiti kimoja. Mwanamkasi alijifungia chumbani. Saa kumi ilipofika kiyoyozi kilizimika chenyewe, mapazia yakateremka, na harufu ya mwani na chokaa iliyolowa ikaingia na kukaa. Kiti kililalamika kama kimekaliwa na mtu mzito. Sikujua hakutazama. Alisimama ukutani, pasipoti ameisukumiza kifuani ndani ya abaya isiyo yake, akasikiliza kijiko kinagonga sahani, taratibu, cha mtu mwenye njaa ya miezi mingi anayeona haya kula haraka. Kilipotua alisema kwa sauti aliyoikusanya kote mwilini, "Karibu nikusindikize," na nyuma yake akasikia koti zito linanyanyuka na maji yanaanza kudondoka.

Waliingia kwenye lifti pamoja. Alibonyeza chini, milango ikajifunga, na kwa ghorofa nne mambo yalikuwa ya kawaida, isipokuwa baridi na ile pumzi iliyokuja bila joto lolote kwenye shingo yake. Lakini ghorofa ya ishirini na mbili lifti ilisimama, mlango ukafunguka, na mbele yake hapakuwa na korido ya zulia wala milango ya namba bali uchochoro wa mawe uliolowa, mageti ya chuma yameshushwa kulia na kushoto, na mwisho wake bahari ya rangi ya kijivu, na mlango ukakaa wazi, ukakaa, kama unaomngoja mtu atoke, naye akajibana ukutani akishika kifua penye pasipoti na kumwita Mola wake kimoyomoyo mpaka mlango ukafunga, halafu kumi na tisa ukafunguka tena, uchochoro uleule, karibu zaidi na bahari, halafu kumi na nne, na sasa viti vilikuwa vimepangwa uchochoroni miguu juu, na katikati yao kimoja tu kimesimama sawasawa, kitupu, kimefutwa maji, kimewekewa shuka jeupe lililokunjwa, na Sikujua akaelewa kwamba kile kiti ni cha mtu wa kwenda kukaa, akaelewa ni cha nani, na akaelewa kwamba akikosea neno moja huko chini kitakuwa chake, na Jalia ataolewa bila mama.

Chini palikuwa na mwanga, marumaru, na Yowasi nyuma ya meza yake. Yowasi alinyanyua macho, akaona, akasimama. Mkono wake ulifungua daftari wenyewe.

Kwenye mlango wa kioo nyayo zilisimama. Sikujua aliona viatu tu, vyeusi, vya zamani, vimejaa mchanga. Kisha mgeni akasema, na sauti aliyosemea ilikuwa ya Mwanamkasi mwenyewe, ileile ya maonyesho, kila neno mahali pake.

"Asanteni sana, mmetukirimu. Na nyinyi sasa karibuni na kwetu."

Akangoja.

Aliyelelewa pwani anajua uzito wa kunyamaza hapo. Ulimi unataka kujibu wenyewe, asante, tutakuja, umejibu hivyo tangu una miaka mitatu. Sikujua aliuma midomo. Dakika ikapita. Maji yakaanza kutanda kwenye marumaru kuelekea miguuni kwake. Mgeni hakuondoka. Hakuwa na haraka, alikuwa amezoea kungoja mpaka Pasaka, na Sikujua akaona kwamba watasimama pale hivyo mpaka ndege yake ipae bila yeye. Ndipo akasema, macho chini, kama mtumishi anavyosema:

"Mimi natumwa tu. Salamu zako nitazifikisha kwa mwenyewe."

Koti lilifanya sauti ya kuinama. Mlango wa kioo ukafunguka, joto la Dubai likaingia, na penye maji pakabaki chumvi nyeupe. Yowasi aliandika: mgeni, saa kumi na moja kasoro, ametoka.

Angeweza kuondoka palepale. Alikuwa na pasipoti. Alipanda tena ghorofa ya ishirini na saba, akabisha hodi chumbani, na mtu asiniambie kwamba alipanda kufuata nguo zake, begi lake lilikuwa tayari kwa Yowasi tangu asubuhi.

"Ameondoka?" sauti ilitoka ndani.

"Ameondoka, Madam."

Mlango ulifunguliwa. Mwanamkasi alikuwa na simu sikioni, ameshaanza kumsimulia shoga yake, anacheka. Sikujua alimtazama yule mwanamke aliyekuwa tayari kumtoa badala yake kwa abaya na manukato, na kitu kilichomjaa kifuani hakikuwa woga wala huruma. Kilikuwa dharau tupu.

"Ameshukuru sana," akasema. "Amesema, na nyinyi karibuni na kwake."

"Haya, asante, tutakwenda," Mwanamkasi alijibu, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Msimu ujao, inshallah. Yalla, nenda zako." Akarudi kwenye simu.

Alikuwa amesikia fundi alivyosema, kwa masikio yake mawili. Lakini maneno ya fundi cherehani hayakuwa kitu cha kukumbukwa, na maneno yaliyoletwa na mtumishi ndiyo kabisa.

Alhamisi, Sikujua yuko Tanga, simu ikaita. Alikuwa Aidarus, analia. Mona hayupo. Viatu vyake vyote vipo, pasipoti ipo kwenye mtoto wa kabati, kamera hazikumwona akitoka. Sebule nzima imefunikwa mashuka. Sikujua alimpa pole, akakata simu, akaenda kupika maandazi ya harusi. Usiku huo alilala vizuri. Nasema kweli.

Ijumaa alasiri wanaume walikuwa msikitini kufungisha ndoa, wanawake ndani wanamvisha bibi harusi, na uani viti mia vya kukodi na meza za mbao vimepangwa chini ya turubai vinasubiri watu. Jalia alikuwa amekaa mkekani, mikono imejaa hina, simu mapajani.

"Mama, tajiri wako ameweka video mpya. Mbona amekonda hivi?"

Sikujua akainama kutazama. Uchochoro wa mawe, mvua nyembamba, mageti ya chuma. Mwanamkasi amekaa kwenye kiti kimoja katikati ya vilivyopinduliwa, shuka jeupe limemfika kidevuni, macho wazi, yametulia. Mkono wenye koti lililolowa ulikuwa unamchomekea pembe ya shuka begani, kwa upole. Midomo ya buluu ikafunguka. "Asanteni sana, jamani," ikasema. "Na nyinyi sasa karibuni na kwetu." Na chini yake maelfu ya watu, kwa furaha, kila mmoja na vikopa vyake: asante dada, tunakuja, tutakuja, tungojee.

"Jalia, lete hiyo simu. Usijibu."

"Nimeshajibu, mama." Mtoto alimtazama kwa mshangao. "Nimemwambia asante, tutakuja mimi na mume wangu. Si wewe uliyenifundisha, mtu akikukaribisha umwitikie?"

Sikujua aliipokonya simu. Nje, uani, alikuwa ameanza kusikia plastiki inagongana na mbao, ko, ko, ko, taratibu, na alipofunua pazia aliona viti vya harusi vinapanda juu ya meza kimoja baada ya kingine, miguu juu.